Safu Mbili za Prof Mulenda

Jina lake lilinifikia kwenye karatasi. Kazi yangu ni kuandika majina juu ya misalaba. Seremala jirani yangu hapa Katuba anachonga mbao, mimi nazipaka rangi nyeupe kisha naandika kwa nyeusi, na wafiwa wakija kwake anawatuma kwangu waniachie jina na tarehe. Jumanne asubuhi alikuja mwanamke wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaifungua nikiwa bado natafuna kiazi. Palikuwa na jina la ubatizo, kisha Mulenda, na chini yake neno moja: Professeur. Nikamwuliza, "Ni ule wa chimie, kemia?" Akaniangalia. "Ni baba yetu. Lakini hakufundishaka tena, siku mingi sana. Ulimujua?" Nikasema kwamba alinifundisha. Akanieleza kilio kiko wapi: kwa kaka yake, barabara ya tatu kutoka kwangu. Alidhani ananipa habari mpya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikia miaka miwili kabla kwamba mzee amerudishwa kutoka mashambani Lukafu, haoni kabisa, anakaa barazani kwa mwanawe akisikiliza redio. Kwa miaka miwili nilizunguka njia ya nyuma nilipokwenda sokoni, ili nisipite mbele ya baraza ile.

Mwaka alionifundisha nilikuwa na miaka kumi na tisa, nipo mwaka wa sita wa sekondari, tawi la kemia na biolojia, naishi kwa shangazi yangu, Tantine Régine, na mwisho wa mwaka ule ungekuwa mtihani wa serikali. Vitabu hatukuwa navyo. Mwalimu alikuwa na daftari lake, ambalo naye aliliandika zamani akimfuata mwalimu wake, na mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri aliitwa mbele kulinakili ubaoni wakati mwalimu anaeleza. Huyo tulimwita Secrétaire. Shule nyingi zilifanya hivyo na bado zinafanya. Mwaka ule Secrétaire nilikuwa mimi, na siwezi kudanganya, nilijivuna. Nilikuwa na kipande changu cha kitambaa cha kufutia chaki, nilikifua kila Jumamosi. Herufi zangu zilikaa wima kama watu waliopangwa foleni. Wanafunzi wa madarasa mengine walipita dirishani kuziangalia.

Siku ya pili ya masomo Prof Mulenda alinipa daftari likiwa limepinduka, juu chini, akagusa ukurasa kwa kidole na kusema, "Anza hapa." Nililigeuza bila kusema kitu. Alisikia karatasi zinavyogeuka, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Asante, mutoto yangu." Basi kutoka siku ile nilijua, naye alijua kwamba najua. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, koti moja la kahawia, na daftari lote alikuwa nalo kichwani, kwa hiyo mtu aliyekaa nyuma hakuona tofauti. Alizunguka kati ya madawati akigusa kila dawati kwa vidole viwili, kama mtu anayehesabu, na sisi tulidhani ni tabia yake. Kazi ya Secrétaire, ambayo shule nyingi zinayo, ilimfunika vizuri. Na pale ambapo neno katika daftari halisomeki, sikumuuliza mbele ya darasa, kwa sababu kumuuliza ni kumlazimisha ausogeze ukurasa hadi puani. Niliamua mwenyewe neno gani liandikwe. Mara nyingi niliamua sawa. Hilo lilinizoesha vibaya.

Watu wa mtaani hawakuwa wajinga. Jioni moja kabla jua halijazama, Tantine Régine alikuwa uani anasafisha ndakala, wale samaki wadogo wakavu, anawatoa vichwa kwa kucha, na jirani yetu Mama Kyalwe alikuwa amekaa kando yake akimsaidia kusema zaidi kuliko kusafisha. Mimi nilikuwa ndani nasonga bukari, yaani ugali, na dirisha lilikuwa wazi. "Ule prof yabo haoni," Mama Kyalwe alisema. "Anaona," nikapiga kelele kutoka jikoni. "Anaona nini, weye? Jana amepita pa kwangu, amesimama, ametosha kofia, amesalimia muti yangu ya avoka. Bonjour mama, habari ya batoto?" Tantine alicheka hadi samaki wakamwagika. "Na muti ilijibu nini?" "Ilijibu muzuri. Ni muti yenye kuwa na heshima kupita banafunzi yake." Nami nilicheka nikiwa nimeshika mwiko, kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka. Tulikula. Halafu Tantine, aliyekuwa na akili ya kunyamaza mahali panapofaa, akaniambia, "Lakini weye, Féli, kama unajua kitu, usikuwe macho ya mutu siku yote. Utachoka, na siku ile utachoka hautamuambia." Nilidhani anaongea ili aongee.

Somo lenyewe lilikuja mwezi wa pili, mvua zikiwa kali. Somo hilo nalikumbuka kuliko sala. Prof aliegemea ukuta, mkono mmoja mfukoni, akaanza. "Bantu babili banalala mu blanketi moja. Blanketi njo ma-électron yenye banachangia. Kama banakokota sawasawa, hakuna mwenye kusikia baridi. Lakini fluor iko muchoyo. Yeye anakokota upande yake, hydrogène anabakia mugongo inje." Kutoka dawati la pili Kabedi, msichana aliyekaa nami dawati moja na ambaye hakuweza kunyamaza hata kanisani, akasema, "Ni bwana yangu wa kesho ule!" Darasa likacheka. "Kabedi," Prof alisema bila kutafuta sauti imetoka wapi, "hauyaolewa, unaanza kulalamika." Kisha akaendelea. Mchoyo akisha kuvuta blanketi lote, alisema, tunaita kifungo kinachowaunganisha ionique, cent pour cent, mia kwa mia. Wakigawana sawa, zéro. Vifungo vingi viko katikati. "Sasa tutajua namna gani ule muchoyo alikokota kiasi gani? Hatuwezi kuingia mu nyumba ya bantu na kuangalia kitanda." Alingoja. "Kuko kitu moja tunaweza kupima inje. Moment dipolaire."

Nitaeleza kama alivyonielewesha, kwa maana bila hilo kosa langu halionekani. Kifungo kina ncha mbili, moja imezidi elektroni na nyingine imepungukiwa. Momenti ni kiasi cha chaji kilichohama, mara umbali kati ya ncha hizo, na umbali huo ndio urefu wa kifungo. Wenye vyombo huko mbali wameupima urefu na wameipima momenti. Basi sisi tunajiuliza: kama elektroni nzima ingehama, momenti ingekuwa ngapi? Unachukua urefu, unazidisha kwa 4,8. Hiyo ni momenti ya mchoyo kamili. Kisha unachukua momenti iliyopimwa kweli na kuigawanya kwa hiyo, na jibu ndilo linalokuambia kifungo ni ionique kwa kiasi gani katika mia. "Musidanganyike na urefu," Prof alisema, na kidole juu. "Mutu anaweza kukokota kidogo tu, lakini kama kitanda iko mupana utazani amekokota mingi. Njo maana tunagawanya. Momenti peke yake haisemi kitu. Urefu peke yake haisemi kitu. Bote babili pamoja, na kila moja pa nafasi yake."

Wakati anasema hayo mimi nilikuwa mbele nimefungua daftari kwenye ukurasa wa jedwali. Lilikuwa na mistari minne, HF, HCl, HBr na HI, na safu mbili za namba. Safu ya kwanza: 0,92, 1,27, 1,41, 1,61. Safu ya pili: 1,82, 1,03, 0,82, 0,44. Sehemu ya juu ya ukurasa, penye vichwa vya safu, mchwa walikuwa wameila. Pamebaki ukingo wa meno madogo. Nilimgeukia Prof. Alikuwa ananipa mgongo, darasa zima linamsikiliza, hata Kabedi. Alikuwa ametoka kusema momenti kwanza, kisha urefu. Nikaandika juu ya safu ya kwanza Moment, na juu ya safu ya pili Longueur. Nikachora mstari chini yake kwa rula. Ilikuwa kinyume. Namba za safu zote mbili zinafanana ukubwa, ndiyo hatari yake, hakuna inayopiga kelele. Darasa likanakili, likaanza kupiga hesabu, na mvua ikaanguka juu ya mabati kwa nguvu hata mtu wa dawati la mbele hasikii wa nyuma. Prof alipita akiinama sikioni mwa mmoja mmoja, "Unagawanya na nini?" "Na longueur mara 4,8, Prof." "Bien." Aliuliza njia, hakuuliza jibu. Kisha akapaza sauti, "Mutamalizia ku nyumba!" na tukakimbia na madaftari chini ya nguo.

Ijumaa mchana nilikuwa nachagua maharage kwenye ungo, daftari langu limefunguliwa chini mbele yangu, kwa kuwa nilikuwa na kawaida ya kusoma hivyo. Jibu langu la HF lilikuwa kumi na kidogo katika mia. La HI lilikuwa sabini na sita. Yalipanda vizuri kwa utaratibu, kumi, ishirini na sita, thelathini na sita, sabini na sita, na utaratibu ule ulinifurahisha kama mwandiko mzuri unavyonifurahisha. Lakini Prof alisema fluor ndiye mchoyo. Halafu nikaona ile safu niliyoiita urefu: iode, ambaye tulifundishwa kuwa ni mkubwa kuliko wote wanne, yuko karibu na hydrogène kuliko fluor aliye mdogo. Watu wanene wamelala kitanda chembamba kuliko cha wembamba. Nikabadilisha vichwa, nikapiga hesabu upya pembeni kwa kalamu ya risasi. Arobaini na moja. Kumi na saba. Kumi na mbili. Sita hivi. Nilikaa na maharage mapajani mpaka Tantine akaniuliza kama nimepata mawe au nimepata usingizi.

Jumamosi nilikwenda kwa Prof ili nimwambie. Nasema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linanizidishia lawama. Sebule yake ilikuwa na viti vitatu vyenye vitambaa vya kushona kwa mkono, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyeibadilisha. Mke wake, Mama Alphonsine, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, alinipa kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kikiwa bado na povu. Prof alikuwa amechangamka sana. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Kwa miaka tisa alikuwa anafundisha bila kutambuliwa na serikali, jina lake haliko katika orodha yoyote, na ripoti nzuri ya mkaguzi ndiyo ingemwingiza. "Miaka kenda niko kama mugeni mu nyumba," alisema. "Jumatatu njo batanipa kiti." Mama Alphonsine alisimama mlangoni na mwiko, akimwita mumewe kwa jina la binti yao. "Na akikuambia usome kitu, Papa Chantal?" "Féli atasoma." "Na akikuambia weye mwenyewe?" "Mama, kwa nini unaniuaka mbele ya mugeni?" Tukacheka sote watatu. Kisha akainama upande wangu, akitafuta uso wangu mahali ambapo haukuwapo. "Utatuandikia tena ile tableau. Banapendaka ma-chiffre, manamba. Bila mukono yako, mutoto yangu, nilikuwa nimekwisha mwaka hii." Nilikunywa munkoyo wangu wote. Nikasema asante mama, nikamtakia heri, bonne chance Prof, nikatoka. Njiani nilijiambia kwamba Jumatatu nitaandika sawa, na mambo yataisha kimya.

Jumatatu nilisimama mbele ya ubao na chaki mkononi, mkaguzi amekaa nyuma karibu na dirisha, suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni, mkuu wa shule, yaani préfet, kando yake. Nikachora mistari minne. Nikaandika namba. Nilipofika kwenye vichwa nikafikiri: nikibadilisha, madaftari arobaini nyuma yangu yatapingana na ubao, na Kabedi atasema kwa sauti, "Secrétaire, umekosea," na itabidi niseme ni lini nilikosea. Nikafikiri pia kwamba mkaguzi pengine hajui kemia. Nikaandika Moment juu ya safu ya kwanza na Longueur juu ya ya pili, kama mara ya kwanza. Safari hii nilijua.

Mkaguzi alijua kemia. Alisikiliza habari ya blanketi, alitabasamu, aliandika kitu. Kisha akamwita mwanafunzi apige hesabu ya HI, na Kabedi akajitolea, akapiga kwa haraka na kugeuka kwa maringo. "Soixante-seize pour cent, Monsieur l'Inspecteur." "Na HF?" "Dix na nusu." Sabini na sita kwa HI, kumi na nusu kwa HF. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya, na hilo nimeliona miaka mingi baadaye; alisema kwa upole, "Collègue, unasikia?" Prof alikuwa ameinua kichwa tangu namba ya kwanza, uso umemkauka. "Hapana," alisema. "HF ni quarante et un, arobaini na moja. HI ni six, sita. Kabedi, unasoma nini pale?" "Ninasoma tableau, Prof." "Basi angalia tableau, collègue," mkaguzi alisema, "utuonyeshe kosa." Prof akaenda ubaoni. Alikwenda karibu, akakaribia zaidi, mpaka pua yake ikagusa namba 1,41 na kuifuta. Mtu alicheka, mwingine akacheka kwa kuwa wa kwanza amecheka. Alipogeuka alikuwa na chaki puani. Mkaguzi akasimama, akaja mbele, akainua vidole vitatu mbele ya uso wa Prof bila kusema kitu, akangoja, na Prof naye akangoja, kwa sababu hakujua kwamba kuna kitu kimeinuliwa.

"Ni nani ameandika hii?" mkaguzi aliuliza. Nilikuwa dawati la pili, ningeweza kumgusa. "Ni kosa yangu," Prof akasema kabla mtu hajapumua. "Mutoto anaandika kile minamuambia." Mkaguzi alichukua daftari, akaona ukurasa usio na vichwa, akalirudisha. Kabedi alinipiga kiwiko. "Sema kitu, weye," alininong'oneza. Sikusema.

Baada ya kipindi Prof alinikuta kwenye bomba uani, nanawa chaki. Alijua ni mimi kwa viatu vyangu. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Féli. Ile ma-titre ya juu, ilikuwa imekuliwa na muchwa, nakumbuka. Miye njo nilikuambia uandike vile?" Maji yalikuwa yanatiririka juu ya mikono yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, hukuniambia kitu, niliamua mwenyewe. Nikasema, "Ndiyo, Prof." Akatikisa kichwa mara kadhaa. "Sikumbuki," alisema. "Bon. Basi na kichwa nayo inaanza kuenda." Akagusa ukuta kwa vidole viwili, akaufuata mpaka mlangoni.

Nimejitetea kwa njia nyingi tangu siku ile. Nilikuwa mtoto, lakini miaka kumi na tisa si utoto. Alikuwa ameshajitwika lawama mwenyewe mbele ya mkaguzi; lakini mbele ya mkaguzi alimlinda mwanafunzi, na pale bombani alitaka kujua ukweli kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa mtu asiyeona anaishi kwa kukumbuka. Nilimnyang'anya hilo kwa maneno mawili. Wiki iliyofuata nilitumwa ofisini kupeleka orodha ya majina, na kioo kimoja cha dirisha la préfet kilikuwa kimevunjika, nikasikia yote. "Inspecteur hakukufukuza," préfet alikuwa anasema. "Ameandika utafute monganga wa macho, na mwenzako akusaidie mu kilasi. Dossier yako ya kazi inapita. Kwa nini unakatala?" Na Prof akajibu, "Kama ni macho, ningebaki. Naweza kufundisha chimie na macho ya kufunga. Ni kichwa, Monsieur le Préfet. Nilimuambia mutoto kinyume, na sikumbuki hata kama nilimuambia. Kesho nitabaambia nini tena?" Nilisimama na orodha yangu. Mlango ulikuwa hatua nne. Nilingoja mpaka wakanyamaza, nikapitisha karatasi chini ya mlango, nikaondoka.

Aliacha kazi kabla ya Pasaka, akaenda Lukafu kwenye mashamba ya ndugu zake. Hatukupata mwalimu mwingine wa kemia. Tulijisomea kwa madaftari yale, na wengi tulianguka, mimi mmoja wao. Siku majibu ya mtihani yalipotoka, waliopita walimwagiwa poda nyeupe kama kawaida yetu, wakazunguka mitaa wakiimba, nguo na nywele nyeupe tupu. Kabedi alipita. Alinikuta nimesimama pembeni, akanikumbatia, akanimwagia kiganja kizima kichwani. "Shika, Secrétaire! Mwaka kesho utanirudishia!" Alifanya kwa upendo. Nilirudi nyumbani nikiwa na poda hiyo kichwani na watu nisiowajua walinisimamisha njiani kunipa hongera, na niliwashukuru mmoja mmoja, kwa kuwa kueleza kulikuwa kurefu. Sikurudia mtihani.

Jumatano mchana, kesho yake baada ya kuletewa ile karatasi, nilipomaliza msalaba, nilikwenda kilioni. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanacheza karata, wanawake ndani juu ya mikeka, na Mama Alphonsine ameegemea ukuta, miguu imenyooka, amekonda sana. Hakunitambua. Nilikaa kando yake, nikampa pole, nikasema nilikuwa mwanafunzi wa Prof. Akashika mkono wangu. "Basi ulimusikia zamani, akiwa na akili," alisema. "Kule Lukafu hakutaka kufundisha tena mutu. Alikuwa anakaa, anahesabu peke yake, quarante et un, dix-sept, douze, six. Kila siku. Ananiuliza, Mama Chantal, hii iko sawa, inatoka sawa kila mara, sasa namna gani niliisema kinyume? Mi nitajua nini? Sikusoma. Namuambia, Muzee, umechoka, kichwa imechoka, achana nayo. Ule mujukuu wetu pale," alionyesha kwa kidevu msichana wa shule aliyekaa karibu na mlango, kichwa amenyoa kwa ajili ya msiba, "anasoma chimie, anaanguka kila trimestre. Amemupigia muzee magoti. Amekatala. Anamuambia, nkambo yako, babu yako, atakudanganya."

Zilikuwa namba zile nilizozipata juu ya maharage, kutoka arobaini na moja hadi sita, zile sahihi. Nilimwambia. Sikumweleza momenti wala urefu. Nilisema kwamba mumewe hakuniambia kitu siku ile, kwamba niliandika kinyume mimi mwenyewe, nikajua, nikaandika tena, na aliponiuliza nilimdanganya. Nilisema kichwa chake kilikuwa kizima. Mkono wake haukuondoka juu ya wangu, ila ulikuwa mzito, kama kitu kilichosahauliwa pale. "Na mi nilimuambia ndiyo, kichwa imechoka," alisema hatimaye, si kwangu. "Kila siku nilimuambia ndiyo." Kisha akaondoa mkono, akajikaza ukutani, akaita kwa ile sauti nzito, "Chantal! Ita ndugu yako kule inje. Baache karata. Bote bakuye." Na kwangu akasema bila kuniangalia, "Rudia. Pole pole. Bote basikie."

Walikuja, wakajaa mlangoni na madirishani, na Chantal, yule mwanamke aliyeniletea karatasi, akasimama mbele yao. Nilisimama juu ya mkeka na viatu mkononi, nikarudia kila kitu. Nilipomaliza hakuna aliyenitukana, na nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Mtoto wa kiume wa Prof alitoka nje, nikasikia kiti kinapigwa teke. Yule msichana aliyenyoa kichwa ndiye aliyesema wa kwanza. Aliniuliza mimi, lakini akimtazama bibi yake:

"Sasa nkambo alikuwa anaweza kunifundisha?"

"Alikuwa anaweza," Mama Alphonsine akamjibu. "Hata juma lililopita."